Kacheti ka bure pale Namanga: nimekatumia mwaka na nusu, maoni yangu haya hapa

Niseme mapema hii sio rivyu ya simu wala ya mgahawa, ni rivyu ya karatasi. Cheti cha uasili wa bidhaa, kile kilichorahisishwa, ambacho mfanyabiashara mdogo anapewa mpakani bila kulipia ili mzigo wake uvuke ndani ya Afrika Mashariki bila ushuru wa forodha. Nimekitumia mwaka na nusu kupeleka vikapu na mikoba Nairobi kutokea Arusha, kimenifurahisha, na kuna mara moja kikaniponza vibaya sana (kosa nusu langu nusu la ejenti, ntaeleza). Nakipa nyota tatu na nusu kati ya tano. Wanaouza mchicha na vitunguu wangekipa tano najua, na anayeuza kitu cha kushona kama mimi anaweza akakipa moja siku akiamka vibaya.

Mzigo wangu una vitu viwili. Kuna vikapu vya Iringa, vile vya milulu, vinasukwa na kina mama kule Iringa, mimi nanunua vya jumla vinakuja na basi, halafu fundi wangu Ngarenaro anaweka vipini vya ngozi. Na kuna mikoba ya kitenge, tunashona wenyewe nyumbani, cherehani tatu, mimi na wasichana wawili. Mteja wangu Nairobi ni mama mmoja ana duka, anachukua vyote viwili, na mkoba ndo unaomtoka haraka kuliko kikapu. Kumbukeni hilo maana ndo penye uchungu.

Jinsi huduma yenyewe inavyofanya kazi. Unatoka Arusha asubuhi, Longido, Namanga. Tangu kituo cha pamoja cha mpakani kifunguliwe rasmi tarehe 1 Desemba 2018 (Magufuli na Uhuru Kenyatta walikuja wenyewe) husimami mara mbili, unaenda moja kwa moja jengo la nchi unayoingia, maafisa wa Tanzania na wa Kenya wamekaa humo humo, mmoja anakutoa mwenzake anakuingiza. Mzigo wako ukiwa hauzidi dola 2,000, yaani milioni 5 na ushee za kwetu, na bidhaa ikiwemo kwenye orodha waliyokubaliana, afisa wa forodha wa upande unaotoka anakupa fomu, unajaza jina lako, la mpokeaji, ni kitu gani, kiasi gani, thamani yake, kimetoka wapi, anakagua, anagonga muhuri, umemaliza. Siku ikinyooka hata chai yako haijapoa. Mara yangu ya pili nilihudumiwa na dada mmoja mstaarabu mno, alinisahihishia fomu kwa penseli kwanza ndo akaniambia haya sasa andika kwa peni. Hapo nyota zote tano.

Sasa mara ya kwanza. Mara ya kwanza sikujua kama ni bure. Nilimpata kijana mmoja anajiita ejenti, simtaji na ofisi yake siitaji, akaniambia mama wewe kaa kwenye gari mimi nakumalizia, elfu 60 ya cheti na elfu 20 ya kwangu. Nikatoa. Akarudi baada ya saa moja na karatasi imegongwa, nikaona huyu kijana anajua kazi yake. Kumbe alichofanya ni kuandika mzigo wote kwenye mstari mmoja, "bidhaa za mikono", na sehemu ya asili akaweka kwamba vyote vimezalishwa Tanzania mwanzo mwisho. Ikapita. Ya pili nikaenda mwenyewe na vikapu peke yake, ndo yule dada wa penseli, ikapita vizuri na ndo nikagundua elfu 60 yangu ililiwa. Ya tatu nikawa na haraka, mzigo mchanganyiko, nikamrudia yule yule kijana (msinicheke), safari hii kwa elfu 30 maana nilishajua.

Afisa wa upande wa Kenya akafungua bandali. Akatoa kikapu, akakinusa, nawaambia alikinusa kabisa, milulu ina harufu yake ya majani makavu, akakirudisha. Akachukua mkoba, akafungua zipu, akageuza bitana nje ndani. Wasichana wangu walipokata kitenge hawakuondoa ule ukingo wa kitambaa wenye maandishi, waliukunjia ndani ya mshono, na pale kwenye mshono likawa limesimama neno moja zima halijakatwa, CHINA. Akanionyesha kwa kidole. "Madam, hizi kikapu ziko sawa. Shida ni hizi bag. Hapa umesema zote ni za Tanzania, na hii kitambaa inasema ni ya wapi?"

Nikawa sina jibu. Nilimwambia lakini nimeshona mimi, kwa mikono hii, Arusha. Akaniambia sikatai umeshona wewe, lakini karatasi yako haijasema umeshona, imesema umezalisha kila kitu. Vikapu vikapita. Mikoba 60 nikalipia ushuru kama vile nimeitoa Guangzhou kwa ndege, na kiasi sikisemi hapa maana mume wangu naye anasoma. Na kusema kweli afisa alikuwa sahihi, nilikasirika baadaye nikiwa njiani Kajiado nikijikasirikia mwenyewe.

Toka siku hiyo ndo nikaanza kuuliza hii kitu inaitwa kanuni za uasili ni nini hasa, maana mimi miaka yote nilijua Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki ulianza 2005, ushuru kati yetu ukafutwa, basi, mambo yameisha. Hayajaisha. Ushuru uliofutwa ni wa bidhaa ya Afrika Mashariki. Na bidhaa ya Afrika Mashariki sio kila kitu kinachotoka Afrika Mashariki kwenye lori, ni kile kilichozaliwa hapa au kilichogeuzwa hapa vya kutosha. Mahindi yameota hapa, samaki wa ziwani kavuliwa hapa, kikapu cha milulu, hao hawana ubishi. Ubishi ni kwenye hilo neno "vya kutosha".

Kanuni za mwanzo, zile zilizokuja na itifaki ya 2004, zilikuwa na njia tatu za kupima kugeuza na ulihitaji moja tu. Nilizifanyia hesabu kwa mkoba wangu kwenye daftari la madeni, nawapa namba halisi. Kitenge 6,000, bitana 1,500, zipu 700, hivyo vyote vya nje, jumla 8,200. Ngozi ya vipini ya hapa hapa 2,500 na uzi wa hapa 200. Nikiweka fundi, umeme na faida kidogo, mkoba unatoka mlangoni kwangu 18,000. Haya. Njia ya kwanza inauliza, kati ya malighafi zote ulizotumia, za nje zimezidi 60%? Malighafi zote 10,900, za nje 8,200, hiyo ni 75%, nimefeli. Njia ya pili inauliza, thamani uliyoongeza hapa inafika 35% ya bei ya kutokea kiwandani? 18,000 toa 8,200 ni 9,800, hiyo ni 54%, nimefaulu tena kwa kishindo. Njia ya tatu inauliza, kitu kilichoingia na kilichotoka vina namba moja kwenye kitabu cha forodha? Kitambaa kina namba yake, mkoba una namba yake, ni vitu tofauti kabisa, nimefaulu. Mkoba ule ule, siku ile ile, kwa hesabu moja ni Mchina na kwa nyingine mbili ni Mtanzania!

Mwaka 2015 kanuni ziliandikwa upya na sasa zinaenda bidhaa kwa bidhaa, kila namba ya forodha na sharti lake, hivo usije ukachukua hesabu yangu ukaipeleka kwenye sabuni yako, muulize afisa sharti la kitu chako. Lakini akili ya mchezo ni ile ile. Anayechagua kipimo ndo anayechagua nani anafaidi soko huria, na hapa ndo watu wengi hawaangalii, tunashangilia mkataba umesainiwa, picha zinapigwa, ushuru sifuri, halafu nyuma kuna kiambatisho chenye kurasa kibao kinachosema sifuri hiyo ni ya nani.

Na kuna kazi ambazo hata ukizifanya usiku kucha hazihesabiki. Kufungasha, kuweka lebo, kuchanganya tu, kuunganisha vipande kirahisi. Ukichukua mchele wa nje ukaumwaga kwenye kiroba kilichoandikwa Kyela haujawa wa Kyela, na hapo forodha wana sababu ya kuwa wakali maana mchele kutoka nje ya jumuiya ushuru wake ni 75%, mtu akifanikiwa kuupitisha kama wa nyumbani ametajirika kwa gunia na mkulima wa Mbarali kalia. Hii sehemu ya kanuni naipenda. Bila hii, kila kitu cha dunia kingeingilia kwenye mlango wa nchi yenye ushuru mdogo halafu kinatembea kwetu sote.

Mtu atauliza (mimi niliuliza), si tuna ushuru wa pamoja wa nje? 0, 10, 25 na toka Julai 2022 wameongeza 35% kwa vitu kama nguo, fanicha na bidhaa za ngozi. Kama milango yote ina bei moja kwa nini tuendelee kuulizana umetoka wapi? Kwa sababu milango haina bei moja. Kila mwaka wakati wa bajeti kila nchi inaomba yake, hii naomba nisitumie ushuru wa pamoja mwaka mmoja, hii naomba viwanda vyangu viingize malighafi kwa msamaha, inatangazwa kwenye gazeti la jumuiya na tayari ukuta una matundu. Ndo kisa cha pipi za Kenya mwaka 2018. Viwanda vya Kenya vilikuwa vinatengeneza pipi, chokoleti, aiskrimu, juisi, vinaleta Tanzania bila ushuru, Tanzania ikasema hapana, sukari ya viwandani mliyotumia mmeingiza kutoka nje bila kulipa ushuru, hivo pipi hizi zitalipa 25%. Fikiria pipi. Ile ya shilingi 50 dukani kwa Mangi, watoto wanaitafuna, na nchi mbili zimekaa mezani kuulizana sukari iliyomo ndani ilishukia bandari gani na ililipiwa nini. Kwa mtazamo wangu Tanzania ilikuwa na hoja, lakini pia namhurumia mwenye kiwanda maana msamaha alipewa na serikali yake kihalali.

Hapo ndo nikajisikia nafuu kidogo na mikoba yangu 60. Kama kiwanda kizima chenye wanasheria kinakwama kwa sukari, mimi nani.

Turudi kwenye bidhaa, yaani cheti. Kitu ambacho hakimo kwenye boksi na watu hawasomi, cheti kinafuta ushuru wa forodha peke yake. VAT ya Kenya 16% iko pale pale kama kitu chako kinatozwa VAT. Ada za halmashauri kama zipo zipo. Na hakimzuii mtu wa afya ya mimea wala wa viwango, wale wana maswali yao mengine. Mnakumbuka Machi 2021, Kenya ilipozuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu? Mahindi yale hakuna duniani angebisha kuwa ni ya Afrika Mashariki, yameota hapa kwenye udongo wetu, uasili asilimia mia, na malori yalisimama foleni. Baada ya siku chache wakafungua ila kwa masharti, ikiwemo cheti kuonyesha sumu haizidi kiwango. Kwa hiyo anayekuambia pata cheti cha uasili umemaliza, anakuuzia maneno.

Kasoro nyingine ni hiyo dola 2,000. Ukizidi kidogo tu unahamia kwenye cheti kikubwa, unahitaji wakala wa forodha mwenye leseni, nyaraka, mfumo wa kompyuta, na gharama inakuwa ile ile uwe umepeleka mzigo wa milioni 6 au wa milioni 600. Ndo unaona watu wanagawa mzigo, nusu leo nusu kesho, nusu kwa jina la shemeji. Sisemi mimi nafanya. Nasema unaona.

Na risiti. Hapa sasa ndo kanuni inauma mtu mdogo bila hata kumkusudia. Mkoba wangu pengine ungeweza kupita kihalali kwa njia ya thamani niliyoongeza, ila kuthibitisha thamani unahitaji karatasi, kitenge ulinunua kwa nani bei gani, fundi ulimlipa nini. Kitenge nanunua Kariakoo au kwa dada mmoja hapa Arusha sokoni, ukimwomba risiti ya mashine anakuangalia kama umemtukana, na akikupa basi ina bei nusu ya uliyolipa. Wasichana wangu nawalipa mkononi kila Jumamosi. Kwa hiyo mimi nina mkoba wa Kitanzania ambao hauwezi kujithibitisha kwamba ni wa Kitanzania. Kikapu hakihitaji kujieleza, ukikinusa tu unajua.

Nikafanya nini. Nikajaribu kitenge kinachochapwa hapa nchini, kipande cha mkoba mmoja kikanigharimu kama 1,500 zaidi ya kile cha China, rangi chache, maua yale yale kila mwezi, lakini risiti ya EFD, ile ya mashine, inatoka safi na ukingoni imeandikwa Tanzania (siku hizi ule ukingo nawaambia wasichana msiutoe, uacheni uonekane vizuri!). Hesabu yake ni hii. Mkoba wa 18,000 ukikatwa ushuru wa, tuseme, 25% ni 4,500. Bora niongeze 1,500 kwenye kitambaa. Lakini ingekuwa ushuru ni 10%, yaani 1,800, aisee ningenunua cha China nikalipa ushuru nikalala, kwa ajili ya tofauti ya mia tatu sihangaiki na mtu. Watu wakubwa nao wanafanya hivyo hivyo, mkataba upo, punguzo lipo, na wanaacha kulitumia kwa sababu karatasi ni ghali kuliko punguzo. Na pia angalia pesa ilivyohama. Kanuni imenitoa kwa muuza kitenge wa nje ikanipeleka kwa kiwanda cha nyumbani, kiwanda kimefurahi, serikali imefurahi, mteja wangu Nairobi analipa zaidi kidogo kwa maua machache. Soko huria limenifanya ninunue kitu cha bei ya juu, sijui mnaelewa utamu wa hiyo sentensi.

Mfano mkubwa zaidi wa kitambaa ni nguo za kwenda Marekani kwa AGOA, ule mpango wa Marekani wa kupokea bidhaa za Afrika bila ushuru, uliosainiwa Mei 2000. Pale Wamarekani waliziruhusu nchi nyingi za Afrika zitumie kitambaa cha kutoka popote, ilimradi nguo imeshonwa Afrika. Shati limekatwa Athi River, kitambaa cha Asia, lilikuwa linaingia Marekani bila ushuru. Ulaya kipindi hicho hicho walikuwa na mpango wao kwa nchi maskini, ushuru sifuri vile vile, kwenye makaratasi unafanana, ila walitaka kitambaa nacho kiwe kimefumwa huku, yaani hatua mbili, ufumaji na ushonaji. Wachumi wawili, Jaime de Melo na Alberto Portugal-Pérez, walipima nchi 7 za Afrika zilizonufaika zaidi wakakuta kule kulegeza kitambaa peke yake kuliongeza mauzo ya nguo kwa kama 168%. Ushuru ulikuwa sifuri pande zote mbili jamani! Kilichotofautiana ni swali la kitambaa tu. Ulaya wenyewe walikuja kulegeza mwaka 2011 kwa nchi zinazoitwa zenye maendeleo duni, Tanzania tukiwemo.

Najua kuna mdau atasema sasa ukilegeza pamba yetu itafumwa lini. Ni kweli, na hilo linaniumiza, pamba inatoka Shinyanga na Simiyu, sehemu kubwa inauzwa nje ikiwa ghafi, halafu inarudi ikiwa kitenge na mimi nakinunua Kariakoo, na ndani ya mkoba inasomeka CHINA. Pengine ile pamba ilikuwa jirani yangu kabla haijasafiri. Lakini kunibana mimi wa cherehani tatu ili kiwanda kijengwe sioni kama ndo njia, kiwanda kinajengwa na umeme na mkopo, mimi nikifa kibiashara hakuna anayefuma kwa heshima yangu.

Kuhusu majirani wengine nipite haraka. Nilikuwa na wazo la kupeleka magauni ya kitenge Zambia, nikauliza, Zambia sio Afrika Mashariki, kwao sisi tunapitia SADC (jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika) kwa sababu Tanzania tulitoka COMESA (soko la pamoja la mashariki na kusini mwa Afrika) mwaka 2000, na SADC kwenye nguo ni wale wa hatua mbili, gauni la kitenge cha nje halipiti hata ushone na dhahabu. Mkenya yeye anaenda Zambia kwa COMESA, cheti kingine, kipimo kingine. Soko huria la Afrika nzima lilianza rasmi Januari 2021 na Tanzania na Kenya tulikuwemo kwenye nchi 8 za majaribio mwaka 2022, betri na chai za Kenya zikaenda Ghana, sawa, nzuri, lakini nguo na magari ndo yalibaki nyuma miaka na miaka kwa sababu nchi hazikukubaliana kitambaa cha nje kiingie kiasi gani. Kitambaa tena. Popote unapogusa kanuni za uasili utakuta wamekwama kwenye kitambaa, gari au sukari.

Kwa hiyo maoni yangu kwa anayetaka kutumia huduma hii. Kama unauza kilichoota, kilichofugwa, kilichovuliwa au kilichosukwa, nenda mwenyewe dirishani, usimpe mtu elfu 60 yako, ni bure, uliza orodha ya bidhaa imebandikwa wapi uisome kwa macho yako. Kama unashona, unachanganya, unaunganisha, tenganisha mzigo, kila kitu mstari wake na sharti lake, usiweke kikapu na mkoba kwenye sentensi moja maana mkoba ukishukiwa kikapu kinakaa jua nacho. Weka risiti kwenye bahasha. Na angalia mishono.

Nyota moja nimekata kwa ajili ya risiti ambazo mtu wa sokoni hana pa kuzipata, na nusu kwa vile hakuna anayekueleza mapema mpaka ushikwe. Mawakala uchwara siwezi kukikatia cheti nyota kwa ajili yao, hao ni ugonjwa wa mipaka yote.

Jumanne navuka tena, vikapu 80 na mikoba 25 tu ya kitenge cha hapa. Mingine 40 ya kitambaa cha China iko kabatini, naiuza hapa hapa Arusha kwa watalii, wao hawageuzi bitana. Kama kuna mtu anajua zipu zinazotengenezwa ndani ya Afrika Mashariki aniambie, nimetafuta nimechoka.